Mkanda Wenye Upande Mmoja

Mwendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku hupuliza vumbi la pumba kwenye vidole kabla ya kusema lolote, halafu husema taratibu kama profesa, ila yeye kazi yake inaonekana. Leo mkanda wa mashine ulikatika mpunga wa Tekla ukiwa haujaguswa, na harusi ya bintiye ni kesho. Kabla ya kuushona, mwendesha mashine akaipindua ncha moja, juu ikawa chini.

"We kaka, umeupinda! Wageni wangu wale pumba?"

Akamaliza kuushona, akapuliza vidole. "Mkanda ukipindwa hivi unachakaa sawasawa, mama. Shika chaki. Chora mstari katikati, usinyanyue mkono mpaka urudi ulipoanzia."

Tekla akachora huku akisonya. Chaki iliporudi mwanzo, akaukagua mkanda: mstari uko nje, mstari uko ndani. Na mkono hakuunyanyua, Mungu shahidi.

"Upande wa pili umeupeleka wapi?"

"Mwaka wa sita huu nautafuta," akasema, kwa upole wa mtu anayekuonyesha mtoto wake aliyelala. Akaubeba mkanda akauvishe kwenye mashine.

"Subiri kwanza," Tekla akasema, amekwisha piga magoti, chaki mkononi. "Nizunguke tena, mara moja tu."