Nyaya za Kufungia Kenchi

Kila mvua za kwanza zinapokaribia, mwanangu, naikumbuka siku niliyompita Kosmas kwenye jengo bila kumsalimu.

Kosmas alikuwa fundi seremala, mimi mwashi. Tulifanya kazi pamoja serikalini miaka mingi. Mimi najenga ukuta, yeye anaezeka. Kisha serikali ikapunguza watu, wakaja makandarasi binafsi, na mmoja wao akanifanya msimamizi. Kosmas akaamini nimemsema vibaya ili nimpite. Sikumsema, ila kiburi kikanizuia kumweleza. Tukanuniana.

Tulikuwa tunajenga darasa, hapa hapa Mfaranyaki. Siku ya kumwaga zege la lenta, ule mkanda wa juu ya kuta, nilisahau kuacha nyaya za kufungia kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Zamani Kosmas angeniita kutoka chini, "Wee, nyaya zangu ziko wapi?" Siku ile nilikuwa nimempita bila salamu; alitazama juu, akainama, akaendelea kuranda mbao. Alipopandisha kenchi, alizishikiza kwa misumari tu. Nami nilimwona, mwanangu. Nikasema moyoni, akitaka nyaya, aje aniulize.

Darasa lilipoanza kutumika, mvua za kwanza zilikuja na upepo. Paa lilinyanyuka lote, likaanguka pamoja na kipande cha ukuta. Watoto walikuwa wameshatoka. Mwalimu wao, Efrazia, alikuwa ndani akifunga madirisha.

Nilimkuta hospitalini Peramiho, amelala chali, miguu haina hisia. Kosmas alikuwa ameshafika, ameketi kando ya kitanda. Tulimweleza yote, kila mmoja na sehemu yake.

"Kwani mlikuwa hamjuani?" akauliza.

"Tunajuana tangu ujana, mwalimu," Kosmas akajibu.

"Sasa mlishindwa nini kuambiana?"

Yule mama hakutembea tena. Kosmas aliacha useremala, akahamia kwa wajomba zake Namasakata, na habari za kifo chake zilinifikia akiwa ameshazikwa.

Kwa hiyo nisikilize. Kugombana na mwenzako kazini kupo, lakini mambo ya kazi ambianeni. Ukiona kosa lake, mwambie pale pale, hata kama hamjasalimiana wiki nzima. Likiwa lako, litaje kabla zege halijakauka. Atakayeingia humo ndani hajui ugomvi wenu.

Mungu akupe mwenzako asiyeogopa kukuambia, na wewe akupe moyo wa kumsikia. Uzee wako usiwe kama wangu.