Mtaro Uliomfunika Jirani Yangu

Mimi udongo ulinifika kifuani. Jirani yangu ulimfunika mzima, ukabakiza mkono mmoja upande wangu. Niliushika. Vidole vyake vilinikaza, halafu vikalegea. Watu walichimba kwa mikono, wakiogopa jembe litamkata. Walipomfikia, alikuwa ameshakata roho.

Hiyo ilikuwa kazi ya ngwatio. Huku kwetu Mukurweini ngwatio ni kulimiana mashamba: leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba anapika. Kamati ya maji iliichukua desturi hiyo ikaitumia kuchimba mtaro wa mabomba kwenye mteremko. Mwenyekiti wake, yule mwenye duka la dawa za ng'ombe, alituhubiria utu kila asubuhi kabla hatujashika majembe. Ati sisi ni mwili mmoja, mmoja akiumia tumeumia wote. Nilimwamini. Sikusoma sana, lakini hayo hayataki shule. Mama yangu aliishi hivyo bila kuhubiri.

Kosa lilianza na mazoea yetu. Matuta ya shamba tunayachimba tukitupa udongo upande wa juu, mvua isiuteremshe. Mtaro nao tukauchimba hivyohivyo, hata ulipotupita vichwa. Udongo wote ukalundikana ukingoni, juu yetu. Halafu mvua ikanyesha.

Asubuhi iliyofuata jirani yangu aliingia, akatazama ukuta, akatoka. Alimwambia mwenyekiti ukuta unatoa maji, tungoje ukauke. Wanawake wakamtania kwamba anataka kubaki juu aonje chai kabla yetu. Yeye mwenyewe alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja kuona mtaro umekwisha.

"Mama, mwili ukifanya kazi, mkono unakataaje?" alimwambia. "Ama wewe si wetu?"

Ukiulizwa hivyo mbele ya watu, huku kwetu unafikiria kesho yako. Nani atakuja kwako kulima? Nani atakuja siku ya matanga? Alishuka. Mimi nilisogea nimpe nafasi.

Kwenye mazishi mwenyekiti alizungumza vizuri. Alisema tulikosea sote, basi tusameheane sote. Watu wakaitikia. Huo ndio utu wake: wakati wa kuamuru alikuwa yeye, lawama ilipokuja tukawa sisi. Maji yalifika. Nayateka kama wengine, na mguu wangu ulioumia siku ile hautaki baridi.

Mume wa marehemu bado huniuliza kama ni kweli mkewe alishuka kwa kupenda kwake, maana kamati ilimwambia hivyo. Nimemweleza nilichosikia. Lakini jibu hilo si deni langu mimi.

Mwenyekiti, kamati itakutana tena, kama kawaida. Mume wa marehemu atakuja, na mimi nitakuja. Usianze na habari za mwili mmoja. Simama peke yako, umwangalie, umwambie: mke wake alipokuwa ameshatoka kwenye mtaro, ni nani aliyemrudisha ndani?