Boksi la Chini ya Kiti

Injini ilizimika katikati ya kilima, nikitoka Lagangabilili na shehena ya pamba, breki nazo zikafa. Gari likaanza kurudi nyuma. Kilichofuata nilisimuliwa tu, nimelazwa, mguu umefungwa hogo la plasta. Pamba yote ilimwagika korongoni, ikanyeshewa.

Gari hilo awali lilikuwa la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, sote wawili tulinunua magari ya mtumba, aina moja, injini moja. Lakini la kwake lilipanda kilima na mzigo kama halina kitu, likitoa moshi mweusi, langu likigugumia nyuma yake. Nikifika kiwandani namkuta keshashusha. Ananiuliza, "Ngosha, ulizungukia Maswa?" Watu wanacheka. Nyumbani mke wangu naye: "Kaka leo kapeleka mara mbili." Chakula kinanishinda.

Siku moja nikachungulia chini ya kiti chake, nikaona lile boksi la bati, kompyuta ya injini. Skrubu mbili hazikufanana na nyingine, vichwa vimechubuka, na ukingoni gundi nyeusi imepakwa juu ya nyeupe. Nikajua kaweka dawa humo, dawa ya mganga, ya nguvu. Niliitaka dawa ile kuliko gari lenyewe, na dawa ya mtu haifunguliwi. Nikampa gari langu na maksai wangu wote, akanipa lake. Alikubali haraka mno.

Fundi wetu wa Bariadi ndiye aliyelikagua kabla hatujabadilishana. Akawasha, akasikiliza, akasema injini nzima. Baada ya ajali akalifungua boksi mbele yangu, nimeegemea magongo. Ndani, kipande kimoja kilikuwa kimechomelewa upya kwa mkono.

"Hii ilichezewa imwage dizeli nyingi," akasema. "Nguvu unapata, ila pistoni zinaungua. Skrubu tu zinakuambia. Na ule moshi."

Nikamuuliza, "Skrubu uliziona siku ile?"

"Niliziona. Wewe ulisema nisiguse hapo."

Ni kweli nilisema. Lakini mimi nilidhani ni dawa. Yeye fundi alijua ni nini.

Leo shemeji ana magari matatu, na lile langu la kugugumia bado linatembea. Nikilisikia linapita, nakaza meno. Kila Krismasi ananipa pole. Siitaki. Aje akae mbele ya dada yake, fundi pembeni yake, aseme nani alilifungua boksi lile, na siku anaswaga maksai wangu kwenda kwake alijua nini.