Wamekubali Kunipunguzia Makato, Lakini Wanamtaka Mdogo Wangu

Admin, nifiche kabisa, maana wengi wanaosoma hapa nimeshawahi kuwasuka. Mimi ni Mkenya, mama wa miaka thelathini na sita, nina saluni ndogo hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

Mwaka jana nilitaka kuipanua. Benki hazikunitaka, nikaenda kwa kampuni inayokupa pesa mapema halafu inajilipa kupitia mashine yako ya kadi, kiasi kilekile kila siku. Walidai cheki ya dhamana. Mdogo wangu ni nesi hapa Doha, akaniandikia yake bila hata kuuliza mara mbili. Nilimwambia ni formality tu, na wallahi hata mimi niliamini hivyo.

Joto lilipoanza wateja wakaenda likizo. Waliobaki wanasukwa vyumbani huko Abu Hamour kwa nusu bei. Kuna siku sipati mteja hata mmoja wa kadi, na kampuni inakata vilevile kwenye akaunti yangu, haijui kuna kiangazi. Kodi ya saluni imenishinda. Nimechoka jamani, nimechoka mpaka mifupa.

Nikajikaza nikaenda kuwaomba wapunguze. Nilitegemea matusi. Afisa akanisikiliza kwa upole mpaka nikataka kulia. Akasema, "Madam, mauzo yako yameshuka, naona. Tutapunguza hadi nusu. Mlete tu mdhamini asaini upya, na barua ya kuonyesha bado yuko kazini."

Mdogo wangu ameshaacha kazi, anarudi nyumbani moja kwa moja. Binti yake amelelewa na mama yetu miaka yote hii, na kwenye simu anamwita "aunty". Mtoto wake wa kumzaa!

Nikiwaambia anaondoka, watapeleka cheki benki leo leo. Akaunti yake haina kitu, na hapa mnajua cheki ikirudi ni polisi na kuzuiwa kusafiri. Rafiki yangu ananishauri ninyamaze mpaka apande ndege. Lakini makato yakigonga mwamba hata mara moja, cheki itaenda benki kabla hajafika Al Thumama, sembuse uwanja wa ndege. Na hata akifanikiwa kuondoka, kesi itabaki na jina lake, si langu.

Jana alikuja nimsuke nywele za safari. Nikiwa nimeshika kichwa chake akaniuliza, "Dada, na ile cheki yangu, walirudisha?"

Nikamjibu, "Iko, nitakuletea."

"Haya basi. Wewe nakuamini," akasema, akasinzia mikononi mwangu. Nilimaliza kumsuka machozi yakinitoka, naye hakujua.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini. Nimwambie ukweli nimvunje moyo akiwa ameshafunga mizigo, au ninyamaze nimwombe Mungu? Nifanye nini? Jibuni haraka, anasafiri Alhamisi.