Kiingereza Tulichokitembea Uani

Juma lililopita lori lenye namba za Zambia lilipotea huku kwetu Naviundu, likaja kusimama mbele ya lango langu. Wewe unanijua: mimi kutoka nyumbani ni mpaka sabuni iishe. Lakini dereva alishusha kioo, akauliza kwa Kiingereza njia ya kurudi barabara kubwa, na mimi nikamjibu bila hata kujikuna kichwa. Straight down to the river, nikamwambia, moja kwa moja chini mpaka mtoni; halafu right along the wall, kando kabisa ya ukuta. Akashukuru, akaondoa lori. Nilipogeuka nikajikuta niko mbali na lango langu, karibu na duka la jirani, nimevaa kandambili, na mke wangu amesimama mlangoni ameshika mwiko wa bukari, ugali wetu.

"Unamuambia njia ao unamupeleka?" akaniuliza.

Nikarudi langoni. Kwangu mimi miguu ndiyo iliyofundishwa Kiingereza kwanza, kinywa kilifuata baadaye.

Hiyo ilikuwa kazi ya mwalimu wetu wa sekondari. Alikulia ng'ambo ya mpaka, ambako baba yake alichimba shaba, akarudi Katanga na koti moja zito na Kiingereza kingi. Walimu wengine walijaza ubao, sisi tukanakili tukisinzia. Yeye alitutoa nje, kwenye ile ardhi nyekundu inayopanda mpaka magotini wakati wa kiangazi, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna kutaja mahali bila kwenda. Ukisema behind the door, nyuma ya mlango, basi uwe unaelekea nyuma ya mlango. Ukikaa, umesema uongo.

Tena hakuridhika na mahali peke yake. Alisema Mwingereza hapendi kuacha mahali pawe baridi. Anaweka mbele yake kineno kidogo cha kupasha moto. Si under the window tu, bali just under the window, chini tu ya dirisha. Si round the house, bali all the way round the house, kuizunguka nyumba yote bila kubakiza. Sisi watoto wa Lubumbashi tulikuwa na dawa yetu tayari. Tukasema, kwa sauti moja, behind the door kabisa. Mwalimu alishika kichwa.

"Kabisa yenu munaiweka nyuma sawa mukia," alisema. "Mwingereza anaitanguliza mbele, sawa pikipiki ya polisi mbele ya motokari ya mukubwa."

Tangu siku hiyo nilianza kuona pikipiki kila mahali, na nikakipenda Kiingereza kama wengine walivyopenda mpira. Mpira ulitaka kukimbia mbali na nyumbani. Kiingereza kiliweza kuchezwa uani.

Tuliishi kwa kambo, mama mzazi wa baba yetu, mjane wa mtu wa reli aliyetoka kaskazini. Uani kwake palikuwa na kisima, mahindi wakati wa mvua, mbabula, jiko la makaa, iliyotoa moshi tangu alfajiri, na chungu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kilichofunikwa kitambaa kisiingie nzi. Kila jioni, wakati kambo anatwanga sombe, majani ya mihogo, mimi nilimfunga yaya, dada yangu mkubwa, kitenge machoni, halafu nikakaa kwenye kigoda kama mkuu wa kituo cha gari-moshi. Straight past the well, nilipaza sauti, moja kwa moja kupita kisima. Right up to the wall, mpaka ukutani kabisa. Yaya alitembea taratibu, mikono mbele, hakuwahi kutumbukia popote. Nilijisifu kwamba ni kwa sababu ya usafi wa maneno yangu.

Kambo alisimamisha mchi kidogo, akatazama. "Huyu mutoto anajua kutuma bantu," alisema. "Yeye mwenyewe hata ku barabara hafike."

Alikuwa na haki ya kusema. Mwaka mmoja walinipeleka Lukafu kwa ndugu wa baba, kusaidia kwenye mihogo. Nilikataa kula, nikakataa kulala, nikarudishwa kabla ya wenzangu nikiwa nimebaki macho na masikio. Kambo alinipokea, akanipikia bukari na samaki, akakaa kando yangu mpaka sahani ikawa nyeupe.

Sasa fikiria siku shangazi, binti wa kambo, alipofika kutoka Ndola, upande wa Zambia, kwa gari-moshi la kupitia Sakania, na mikate laini, na jamu, na harufu ya sabuni ambayo ilibaki katika mapazia. Hakuwa na mtoto. Alikuja kuchukua mmoja wetu akasome kwake. Alisema wazi wakati wa chakula: "Nitapeleka ule anasikia Kingereza muzuri."

Niliurudisha mkate sahanini. Kila mtu uani alijua ni nani. Usiku kucha nilijipanga: kesho nitakuwa bubu. Nitasema yes, nitasema no, nitakohoa.

Jumapili, baada ya misa, shangazi alitukalisha kwenye mkeka. Akaanza na yaya: amweleze kwa Kiingereza jinsi ya kutoka pale mpaka parokia. Yaya aliangalia kucha zake. Akasema "go", akanyamaza, akasema "church". Shangazi alipumua kwa masikitiko, akanigeukia mimi.

Rafiki yangu, nilijaribu. Nilifunga midomo. Lakini swali lilikuwa zuri mno, na uani palikuwa pamejaa watu: jirani wa mbele alikuja kuomba makala, yaani makaa, akabaki kusikiliza. Nikainuka. Straight across the yard, nikaanza, moja kwa moja kukatisha uani, na miguu ikaenda. Right past the maize, kandokando kabisa ya mahindi. All the way down to the bridge, mpaka chini darajani kabisa. Kila mahali nilipatangulizia pikipiki. Nilipozinduka nilikuwa barabarani, na nyuma yangu shangazi anapiga makofi.

"Huyu njo wangu," alisema.

Nilirudi uani. Majivuno yangu yalikuwa yamenifungia sanduku.

Kambo alikuwa anamimina munkoyo. Hakuinua hata uso. "Unamupeleka kusoma nini kule?"

"Kingereza, mama."

"Kile amesema sasa hivi?"

"Ndiyo, mama, kile."

"Basi anacho. Peleka ule hana."

 Jirani wa makala alicheka mpaka akakaa chini. Kwetu kambo akishakukabidhi kikombe cha munkoyo, mazungumzo yamekwisha, na shangazi alikuwa tayari ameshika chake.

Ndivyo yaya alivyoondoka, na mimi nikabaki. Stesheni nilimwonea huruma, nikampa mawaidha ya mwisho kupitia dirisha la behewa: usisahau, kabisa inakwenda mbele. Alinisikiliza kwa utulivu, uso unang'aa. Nilidhani ni ujasiri.

Kwa miaka mingi hadithi hii niliisimulia kila penye ndugu: jinsi Kiingereza changu kilivyoniokoa. Niliisimulia hata kwenye msiba wa kambo mwenyewe, tumekaa kwenye mikeka katika ua uleule, akina mama wanakoroga masufuria makubwa, yaya amefika kutoka Ndola na watoto wake. Nilipofika kwenye makofi ya shangazi, yaya alijifunika kitenge mdomoni, mabega yanatikisika.

"Mudogo," alisema, "pale ulikuwa unanifunga macho, nani alikuwa anasikia Kingereza? Ule anasema ao ule anatembea?"

Akasogea karibu yangu, akaendelea.

"Kambo aliniambiaka asubui ya misa, tukiwa ku kisima. Alisema: weye unataka kuenda, ninaona. Ule mwingine tukimutoa hapa atakufa, sawa alitaka kufa kule Lukafu. Nyamaza tu. Ye kinywa chake kitajitumikisha chenyewe, mimi nitamaliza."

Watu walicheka, nami nikacheka, maana ungefanya nini. Nilitaka kwenda kumuuliza kambo, na kambo alikuwa chumbani amelala kati ya mishumaa, rozari mkononi.

Leo uani hapana nafasi. Warithi waligawana, vyumba vya kupangisha vimeshonana, na ukitaka kwenda moja kwa moja popote utagonga mlango wa mtu. Kisima kilifukiwa. Mwalimu alihama, sijui wapi. Watoto wangu wanajifunza Kiingereza kwenye simu, wamejilaza. Kilichobaki ni chumba cha mbele, na mimi ndani yake.

Wageni hunisifu kwamba nimekuwa mwaminifu, sikuiacha nyumba ya wazee. Nawaacha wasifu. Nyumba hii sikuibakia kwa uaminifu wala kwa Kiingereza. Walinibakiza wanawake wawili: mmoja alinyamaza mbele ya shangazi, mwingine akanyamaza mpaka kaburini, ili mimi niendelee kusema.