Alama ya Chaki kwenye Pneu

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na tangu utoto nimekula makofi mengi kwa ajili hiyo. Swali lililonisumbua zaidi nikiwa na miaka kumi na minne halikuwa la shule: kwa nini gurudumu kubwa hupita juu ya shimo, na dogo huingia ndani? Niliuliza hayo Kapata, cité au mtaa wa wafanyakazi wa mgodi nje ya Kolwezi, mwaka ule ambao sisi watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine, tulikuwa tunafukuzwa. Naona haya kidogo kusema, lakini wakati watu wazima walikuwa wanalia, mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kinga. Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Na ile kinga haikuwa ya mchezo.

Shida yetu ilikuwa kaku, mama yake baba. Alikuwa anakaa peke yake katika kijiji cha upande wa Kisenge, mwendo wa siku mbili, alikobaki tangu babu alipofariki. Miguu yake ilikuwa imekwisha. Malori yalikataa kubeba mtu wa Kasai, na treni ya upande ule ilikuwa imelala miezi. Huku Kolwezi, watu wetu walikuwa wamejaa gare, yaani stesheni, na masanduku yao, wanangojea treni ya kuwapeleka Kasai, na zamu yetu ilikuwa Jumapili. Nyumba yetu ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Baba hakuweza kwenda kumchukua kaku, maana vijana wa barrière, kizuizi cha njiani, walikuwa wanamuuliza kila mtu jina lake na kusikiliza ulimi wake. Mama ndiye angeweza kupita, kwa kuwa ni Mlunda, mwenyeji wa upande uleule wa kaku, nchi ya mchanga.

"Kama mama yangu hakufika, mi sipande," baba alisema. "Ile treni iende paka yenyewe, bila mi."

Tulimjua. Akisema hivyo, amesema.

Sasa niwaambie kazi ya baba. Mgodi ulipokuwa mzima, yeye alikuwa mtu wa pneu, matairi ya magari makubwa ya kubeba udongo wa shaba, pneu ndefu kumpita yeye mwenyewe. Akishapima moja na kuridhika, alitoa chaki mfukoni akachora duara na mstari katikati. Baada ya hapo hakuna aliyegusa valve, awe shofa, awe mkubwa wa kazi. Alama ile maana yake ilikuwa: ikipasuka, niulizwe mimi. Alibeba chaki yake hata kanisani. Nyumbani alikuwa ametia alama kwenye gurudumu la brouette, toroli letu, na, Mungu wangu, hata kwenye mpira wa kuchezea wa watoto wa jirani.

Kinga tulikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa nyeusi, ya zamani, magurudumu makubwa ya vingt-huit, inchi ishirini na nane, na pneu nyembamba. Ya pili iliachwa na injinia mgeni aliyekimbia wakati wa pillage, ule uporaji: magurudumu madogo, pneu nene zenye meno kama ya mamba. Mimi nilitaka ile ya meno. Nani asingeitaka?

"Tutaona," baba alisema.

Tulifunga gunia la udongo nyuma ya kila moja, nikaambiwa nizisukume kuvuka mfereji wa maji mbele ya nyumba. Ya meno ilitumbukia, usukani ukanipiga mbavuni hadi nikakaa chini. Ile nyeusi ilivuka kama mama anayeruka dimbwi na kikapu kichwani. Nikauliza kwa nini. Ajabu, mara hiyo sikupata kofi. Baba alisimamisha matofali mawili, akaacha nafasi katikati, akabiringisha kifuniko cha sufuria: kikazama. Akabiringisha sinia la kupepetea mchele: likapita juu juu, likaenda zake. Nilicheza na kifuniko na sinia mchana kutwa, nikipanua nafasi kidogo kidogo, mpaka mama akaja kudai vyombo vyake.

Basi, gurudumu kubwa. Lakini mama aliziangalia zile pneu nyembamba akacheka. "Aka! Mchanga ya kwetu itakula hii."

Tulitaka gurudumu kubwa lenye pneu pana, kitu ambacho Kolwezi, mji wa mawe na udongo mgumu, hakuna aliyekijali. Tulikipata kwa mama mmoja aliyekuwa akileta mihogo kwa kinga kutoka upande wa mchanga. Alitupatia pneu zake mbili, akachukua kinga ya meno yote nzima. Nililia. Baadaye nikaacha kulia, maana pneu zilikataa kuingia kwenye ile nyeusi! Tuliondoa garde-boue za kuzuia matope, bado zikasugua chuma. Baba akatanua uma wa mbele kwa kipande cha mbao, pole pole, kama anamfungua mgonjwa mdomo, mpaka pneu ikazunguka na nafasi ya kidole kila upande.

Nilihesabu spoku: mbele thelathini na mbili, nyuma arobaini. Kwa nini? Kwa sababu nyuma ndiko kwenye mzigo, baba alisema, tumia kichwa. Baba alizigusa moja moja kwa ukucha, akisikiliza. Iliyolia chini imelegea. Zilipopishana alizifunga pamoja kwa waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye moteri iliyoungua. Miaka yote ile ya kuchimba shaba, na hiyo ndiyo iliyokuwa imetubakia. Nyuma akafunga kiti cha mezani kilichokatwa miguu, cha kaku.

Halafu akapiga pompa. Alipiga mpaka pneu zikawa mawe.

"Tata," mama alimwambia baba, "kwetu mu mchanga banaachaka hewa kidogo."

"Mama, mi nafanya pneu miaka makumi mbili. Muzigo muzito, hewa mingi. Hiyo njo kanuni."

"Ile ni kanuni ya mugodi."

"Pneu ni pneu!"

Akachora alama, mbele na nyuma. Mama akaiokota pompa, akaifunga kwenye kinga. Alikuwa ameolewa na chaki ile muda mrefu.

Tuliondoka Jumatano, mama na mimi. Siku ya kwanza baba alikuwa sahihi kabisa: kwenye udongo mgumu kinga ilikwenda yenyewe, mimi nikiikanyaga, mama nyuma kwenye kiti akiimba. Siku ya pili, kwenye mchanga, tuliisukuma tupu, na hata hivyo ilitutoa jasho. Kaku tulimkuta mlangoni, amevaa nguo zake zote, moja juu ya nyingine. Alikuwa anatungojea bila mtu yeyote kumwambia tunakuja.

Ijumaa asubuhi tulimpakia. Hatukufika hata mwisho wa kijiji. Gurudumu la nyuma lilizama, likajichimbia kaburi. Tulivuta, tulisukuma, tukamshusha kaku, tukampandisha tena. Jua lilipofika juu ya vichwa, bado nilikuwa naona paa la nyumba yake. Nilihesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mwendo ule, tungefika treni ikiwa imeshasahauliwa. Nilimwona baba akilini, amekaa relini na ukaidi wake, na vijana wanakuja. Niliogopa, jamani, niliogopa sana.

Niliangalia alama ya mwendo wetu mchangani: nyembamba, yenye kina, kama mtu amekata kwa kisu. Swali likaja lenyewe. "Mama, pneu ikikuwa laini, itakanyaga pana?"

"Hivyo njo nilimwambia baba yako."

"Basi tuachie hewa."

Mama aliitazama ile duara ya chaki. Hakunyoosha mkono. "Baba yako alisha kutia alama," alisema, na nilishangaa kuona kwamba hata pale, katika nchi yao, alikuwa anaiheshimu.

Kaku ndiye aliyekasirika, kutoka juu ya kiti chake. "Ule mwenye chaki, mi njo nilimuzaa! Fungua!"

Nikafungua. Psss. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikajaribu, nikaachia tena. Nilizidisha, chuma kikagonga chini, nikarudisha kwa pompa. Mwisho nikapata: kidole kinazama kidogo, halafu kinakataa. Tulisukuma, na kinga ikapanda juu ya mchanga! Ikaenda! Nyuma yetu alama ya pneu ilikuwa na upana wa vidole vyangu vinne. Nilirudi mbio kuipima, mama akanifokea niache upumbavu nisukume. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Siku ile, la mkuu ndilo lilikuwa linatukwamisha.

Kwenye barrière tulimwambia kaku afunge mdomo. Vijana walimuuliza yeye jina, mama akajibu kwa Kilunda, kirefu, kwa hasira, akawauliza wao mama zao ni nani. Walitazama chini. Walituacha tupite, lakini pompa wakaichukua. Kwa hiyo mawe ya Kolwezi tuliyakuta na pneu laini, na hapo tulitembea kwa miguu, mimi mbele nikiondoa kila jiwe lenye ncha, nikiomba mpira wa ndani usibanwe.

Jumapili mchana tuliingia gare. Treni ilikuwepo, imejaa mpaka juu. Baba alikuwa amekaa karibu na reli, juu ya masanduku yetu, na watu wanamgombeza kutoka madirishani: panda, mwenda wazimu wewe! Hakuwa akiwasikiliza. Alipotuona alisimama, akatukimbilia. Alimbeba kaku kama mtoto, na kaku akampiga kofi dogo la shavu.

"Umekonda," alimwambia.

Halafu, kwa kuwa ni yeye, akainama akabonyeza pneu. Chaki ilikuwa imefutwa na mchanga. "Nani njo alitoa hewa?"

"Ni mi," nilisema.

"Ni mi," mama alisema.

"Ni mi," kaku alisema kutoka mikononi mwake.

Nilingoja makelele. Akauliza: mchanga ulikuwa wa namna gani? Mliachia mpaka wapi? Kwa kidole? Kidole gani? Nilimwonyesha. Akabonyeza mahali palepale, akafikiri, akabonyeza tena. Sikuwahi kumwona baba akiuliza maswali mfululizo hivyo, nikajua nilikoyatoa yangu. Alimkabidhi kaku kwa mama, akatoa chaki, akachora duara na mstari katikati, juu ya pneu laini, ya mbele na ya nyuma.

"Muzuri," alisema.

Kinga haikuwa na nafasi ndani. Mikono ya watu ilimvuta kaku dirishani, kisha mama, kisha mimi, kisha masanduku. Baba aliegemeza kinga kwenye ukuta wa gare, vizuri, isianguke, akapanda wa mwisho. Treni ilipovuta niliona kijana mmoja anaikaribia, anaizunguka, anagusa kiti. Zile duara mbili nyeupe zilikuwa zinaonekana bado.

"Tata," nikauliza, "ikipasuka sasa, ataulizwa nani?"

Baba aliendelea kuangalia nje. Ndiyo mara pekee ambayo sikupata kwake jibu wala kofi.