Kaizari Juu ya Shuka

Miaka ile baada ya mapinduzi nilikuwa mwalimu kijana wa mjini, na nshajiona mtu. Gari la sinema lilikuwa likizunguka mashamba na filamu za mafunzo, nami nikachukuliwa kuwa mkalimani: filamu inasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili kwenye kipaza sauti. Zamu ya Mkokotoni ilipofika nikaomba tupeleke ile ya maisha ya makaizari, watawala wa Roma ya kale. Wala sikuwa nimeitazama. Nilitaka nionekane msomi tu, maana huko nilikuwa nimepeleka posa na jibu halijatoka. Binti alilelewa na mama yake peke yake. Mume alimwacha watoto wangali wadogo.

Baada ya sala ya isha tukatundika shuka uwanjani. Wanaume wakakaa mbele, wanawake nyuma ya shuka, wakitazama picha kwa kinyume. Mama mkwe niliyemtarajia alikuwa huko. Simwoni, lakini najua yupo.

Vichwa vya mawe vilivyovunjika pua vilipita salama. Mara likatokea sanamu la kaizari mzima mzima, hana hata kitambaa. Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Wazee wakatazama chini, nami nikababaika kutafuta la kuwachekesha. Filamu ikafika kwa kaizari mwengine, aliyelazimishwa kumwacha mke anayempenda ili aoe kwengine. Siku moja alimwona njiani akalia. Kilio sikukitaja. Nikasema, "Huyu kamchoka bibi yake, kampa talaka mkononi, kwaheri, njoo mwengine."

Wanaume wakacheka mno. Nikapata moto, nikaongeza jinsi yule mke alivyoondoka na kikapu kichwani. Nyuma ya shuka hakukusikika hata kikohozi.

Kesho yake nikamtuma shangazi yangu, aliyekuwa mshenga wangu, akaniombee radhi kwa zile picha za uchi. Akarudi mjini alasiri, akavua buibui, akakaa.

"Za uchi hazikumshughulisha," akasema. "Kasema mawe ni mawe. Kauliza yule mke alikwenda wapi, na wanawe alikuwa nao?"

"Sijui, shangazi."

"Nami nikamwambia labda hujui. Basi posa imerudi." Akanitazama. "Lakini hebu nambie na mimi. Uliwachekesha watu namna ile, na hukujua alikwenda wapi?"

Niliona haya hata kuinua uso.